Baraza: Heshima ya Neno na Sharti Lake

Katika maneno ambayo Mswahili huyatamka asubuhi na jioni pasipo kuyauliza yalikotoka, sidhani kuwa liko lililotwikwa kazi nyingi na nzito kuliko neno baraza. Msomaji afunguapo gazeti hukutana na Baraza la Mawaziri likijadili bajeti, Baraza la Mitihani likitangaza matokeo, Baraza la Madiwani likibishania jalala la mji, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likishindwa kuafikiana juu ya vita fulani. Kisha, akishalikunja gazeti lake, humwambia mkewe kuwa anatoka kwenda kupunga upepo barazani, wala haimpitikii kuwa ametumia neno moja kwa dola, kwa dunia nzima, na kwa kiti cha mawe kilicho mbele ya mlango wake. Nataka kulisemea neno hili leo, kwa sababu naamini kuwa wengi wanaolibeba katika vibao vya afisi zao wameichukua heshima yake na kuliacha sharti lake, ilhali sharti hilo limo ndani ya neno lenyewe tangu lilipozaliwa.

Asili yake ni Kiarabu. Shina lake ni herufi tatu, ba, ra na zay, na maana yake ya kwanza ni kutoka, kujitokeza, kudhihiri baada ya kufichikana. Katika Kurani, ndani ya Sura ya Al-Baqara, kitendo hicho kimetumika kwa jeshi la Talut lilipojitokeza kumkabili Jalut. Na kutokana na shina hilohilo Waarabu wana mubaraza, yaani pambano la watu wawili waliotoka katika safu zao na kusimama baina ya majeshi mawili, kila mmoja akionekana na wote, asiwe na pa kujificha. Waswahili walilipokea jina barza, na kwa kuwa ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zisongamane, wakalitilia irabu katikati, kama walivyoigeuza waqt kuwa wakati na fikr kuwa fikira. Wala hawakuishia katika jina. Walichukua na kitendo, kubarizi, ambacho ni kukaa mahali pa wazi ukazungumza na watu, na kwa mtu mwenye cheo ni kutoka ndani ukawapokea wanaokuja kukuona. Kitendo hiki vijana wa siku hizi wamekiacha kidogo kidogo, nami nakisikitikia, maana ndicho kinachoonyesha kuwa baraza kabla ya kuwa mahali lilikuwa jambo la kutendwa: mtu hutoka, huonekana, husemeshwa.

Huko Omani barza ingali ni kikao cha wali au cha sheikh wa kabila, anapoketi mbele ya watu wake kusikiliza haja na mashitaka yao. Na Unguja, zama za Masultani wa Busaidi, desturi hiyo ilikuwa nguzo ya utawala. Seyyida Salme binti Said, aliyekwenda kuishi Ujerumani akaitwa Emily Ruete, ameieleza barza ya baba yake, Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Na yeyote asomaye maelezo yale ataona kuwa mfalme yule, pamoja na mamlaka yake yote, hakuhesabiwa kuwa ametawala kama hakuonekana ameketi. Neno likasafiri pia bara pamoja na misafara. Katika Kongo, mashariki na kusini, barza ni ukumbi wa mbele ya nyumba, wenye paa na usio na ukuta, ambapo wageni hukaribishwa na jioni huzungumzwa. Wabelgiji walioishi kule walilinasa wakalitia hata katika Kifaransa chao. Nako Kivu Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990, wazee wa makabila yaliyokuwa yakigombania ardhi na madaraka walipokusanyika kutafuta suluhu, chombo chao kiliitwa Barza. Hawakulazimika kulitafuta jina mbali.

Lakini baraza tunalolijua sisi wa pwani ni lile la mawe. Amu, nyumba ya kale ina daka, ukumbi mdogo wa kuingilia wenye viti vya mawe upande huu na huu, kabla hujaufikia mlango wenyewe wa nakshi. Unguja na Mombasa, kiti hicho hutambaa nje kufuata ukuta wa nyumba, kikawa sehemu ya nyumba na sehemu ya njia kwa wakati mmoja. Hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni, kikapakwa lipu laini, na baada ya miaka mingi ya kukaliwa na kanzu na vikoi, ukingo wake hung'aa kama kigae kilichosuguliwa. Kimo chake ni cha mtu kuketi nyayo zikafika chini. Upana wake hutosha mtu kukunja miguu, au kuweka bao la kete baina ya wawili. Masika inapojaza vichochoro vya Mji Mkongwe maji, wapita njia hupanda juu ya baraza moja wakashukia jingine, na mwenye nyumba hathubutu kuwakataza, kwa kuwa kila mmoja ajua kuwa kiti kile, ijapokuwa kimeshikamana na ukuta wake, si chake peke yake. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Mwenye mali ametoa kwa hiari yake kipande cha nyumba yake akakiweka hadharani, asiulize nani atakikalia.

Alfajiri, wanaotoka msikitini huketi kupata kahawa chungu kutoka katika dele, kwa vifinjani visivyo na mkono, pamoja na kashata. Mchana ni wa karata na dhumna. Jioni gazeti husomwa na mmoja likasikilizwa na wengi, na kila habari ikapimwa. Tanzia hufika barazani kabla haijafika popote, na mchango wa sanda huanzia hapo. Mgeni aliyepotea njia huelekezwa, na kama hana wa kumfikia hupatiwa. Mtoto aliyetumwa dukani hupita akiamkia, na asipoamkia, habari humtangulia kwa mama yake.

Nimepata kushuhudia, katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, majirani wawili walioteta juu ya maji ya mvua. Bomba la paa la mmoja lilikuwa limegeuzwa likamwagia ukuta wa mwenziwe, na chokaa ilikuwa imeanza kubambuka. Walikuja barazani mmoja baada ya mwengine, kila mmoja akiwa na hasira yake, wakasema mbele ya wazee waliokuwa wakicheza bao. Hapakuwa na karani wala faili. Mzee mmoja aliuliza, "Bomba hili nani kaligeuza, na lini?" Mshitakiwa akajibu, "Fundi, maalim, tulipobadilisha mabati." "Basi twende tukalitazame, mwanangu." Wakainuka wote, wachezaji wakaziacha kete zao shimoni kama zilivyo, wakaenda wakatazama bomba, wakapapasa ukuta, wakarudi. Hukumu ilikuwa nyepesi: bomba lirudishwe lilikokuwa, na chokaa ya ukuta itiwe na aliyegeuza, kabla ya Ijumaa. Kilichonishangaza ni jinsi ilivyopokewa, kwa sababu aliyehukumiwa alijua kuwa kila atakayepita pale wiki nzima ataiona kazi ikifanywa au isifanywe. Nguvu ya hukumu ile ilikuwa ni macho ya watu, na pahala pake palikuwa ni pahala ambapo watu hawana budi kupita.

Wakoloni walilikuta neno likiwa na hadhi hiyo wakalitaka. Bwana Shauri wa Tanganyika alipozuru wilaya yake aliita baraza. Liwali alikuwa na baraza lake la kuamulia kesi. Na Kenya, chifu alipiga mbiu watu waache mashamba yao wakusanyike chini ya mti kusikia amri ya kodi, ya kuchimba makinga maji au ya kuchanja ng'ombe. Hapa maana ilipinduka. Badala ya mkubwa kutoka kwenda kuonekana na kuulizwa, raia ndio waliotolewa makwao wakahesabiwa, wakasimama juani wakasikiliza, na swali likawa utovu wa adabu. Hata hivyo kivuli cha maana ya kwanza hakikufutika. Gazeti la Kiswahili lililoanza kutolewa Nairobi mwaka wa 1939, likihaririwa na Francis Khamisi, liliitwa Baraza, na wasomaji wakalichukulia jina kwa maana yake ya asili: walileta barua, mashairi na malalamiko, wakajibizana humo juma baada ya juma, mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga wasiopata kuonana kwa sura.

Ulipokuja uhuru, neno likawa la serikali moja kwa moja. Unguja na Pemba ziliongozwa na Baraza la Mapinduzi tangu 1964, na kutoka 1980 zikawa na Baraza la Wawakilishi. Tanganyika na Zanzibar zilipokwisha kuwa nchi moja, lugha yetu ilikabidhiwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka wa 1967. Waislamu wakawa na Baraza Kuu lao 1968. Mitihani ikapata baraza lake 1973. Halikukosekana neno jingine la kutumia. Lugha ilikuwa na halmashauri, ambayo imebeba ushauri ndani yake. Ilikuwa na kamati na tume, ambazo ni za waliotumwa kazi. Ilikuwa na mahakama, ambayo ni ya hukumu. Waasisi wa vyombo hivi waliliona baraza kuwa ndilo lenye joto, ndilo ambalo mwananchi asiyejua kusoma akilisikia hujua kuwa nafasi yake imo. Naamini walichagua vema, na kwa nia safi. Lakini mtu akichukua jina la mwenziwe kwa ajili ya heshima yake, hapaswi kukataa na madeni.

Deni lenyewe ni hadhara. Kiswahili kimetenga bayana baina ya mambo ya faragha na mambo ya hadharani, na baraza limesimama upande wa pili wa mpaka huo, nje ya mlango. Sasa mtazame mwananchi anayetaka kujua kwa nini zabuni ya barabara ya kata yake ilipewa huyu badala ya yule. Atafika afisi yenye neno baraza kwa herufi kubwa, atamkuta mlinzi atakayemtaka aandike jina katika daftari, ataambiwa arudi Jumatatu, na Jumatatu ataambiwa kuwa muhtasari wa kikao haujaidhinishwa. Sheria inamruhusu kuhudhuria kikao cha madiwani wake. Lakini tangazo la kikao limebandikwa ukutani ndani ya jengo ambalo hakuwa na sababu ya kuingia, na ukumbi una viti vya wageni ambavyo hujazwa na watumishi wenyewe. Hapana aliyevunja sheria. Ila kikao cha namna hiyo kimefanyika ndani, na neno letu lasema nje.

Sidai kuwa kila jambo la dola lizungumzwe njiani. Baraza la Mawaziri lina kiapo cha siri, na mtahini hawezi kuyaanika maswali ya mtihani kabla ya siku yake. Mwenye akili hatalitaka hilo. Ninachodai ni kuwa lile lililoamuliwa ndani litoke pamoja na sababu yake, na mwenye kuliamua atoke nalo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara za 118 na 196, imelifanya hilo kuwa wajibu: Bunge la taifa na mabunge ya kaunti yafanye kazi yao hadharani na kuwashirikisha wananchi. Na mahakama za nchi ile zimepata kuzitangua sheria zilizopitishwa bila ya wananchi kushirikishwa ipasavyo. Huo naona ni ufasiri mwema wa maana ya kale ya baraza, ijapokuwa walioandika ibara zile huenda walikuwa wakifikiria mambo mengine kabisa.

Yupo atakayenijibu kuwa ninaipamba pwani. Atasema, na kwa haki, kuwa baraza la mawe lilikuwa la wanaume, na kwamba mtumwa hakuketi alipoketi bwana wake, hata kama jua liliwachoma wote wawili sawasawa. Hayo ni kweli, wala sitayapunguza. Wanawake wa miji ya mawe walikuwa na vikao vyao uani na ghorofani, na Amu ulijengwa wikio, ule ujia unaoruka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, ili watembeleane pasipo kushuka. Humo maposo yalifungwa, ugomvi ukasuluhishwa na mirathi ikajadiliwa, lakini jina la baraza hawakupewa, na yaliyoamuliwa kwao yalitangazwa kwa midomo ya waume zao. Dosari hii ilikwisha kurekebishwa na watu wa kawaida kabla ya wasomi. Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au ya Ng'ambo, ile ya ukanda katikati na vyumba pande mbili, baraza la mbele ni la wote: mama anakaanga maandazi upande mmoja, wasichana wanasukana nywele, babu amelala juu ya mkeka, mpangaji wa chumba cha nyuma anatengeneza redio, na maneno yanapita juu ya vichwa vyao wote. Kwa maoni yangu baraza hilo la udongo na saruji, lisilopigwa picha na mtalii yeyote, limelitimiza neno kuliko lile la matumbawe.

Na kuhusu umbeya na fitina, ambazo ni shitaka la pili, nasema kuwa umbeya hauhitaji kiti cha mawe, hupata nafasi hata katika simu ya mkononi, tena huko hapana mzee wa kumkatiza msemaji akamwambia, "Bwana, huyo unayemtaja ndiye anakuja."

Vijana wa mijini, waliokosa nyumba zenye baraza, wamejitengenezea lao wakaliita kijiwe. Msamiati wenyewe wafaa kusikilizwa: ni jiwe, ila dogo, la mtu asiye na ukuta wa kuegemea. Kwenye kijiwe cha bodaboda au cha wauza kahawa hujadiliwa mpira, mishahara, uchaguzi na bei ya mafuta. Mwenye msiba huchangiwa na mgonjwa hupelekwa hospitali kwa fedha iliyokusanywa pale pale. Nashangazwa na wakubwa wanaolitamka neno kijiwe kwa dharau, kana kwamba ni makao ya wavivu, huku wao wenyewe wakijivunia kuitwa wajumbe wa baraza. Kijana aliyeketi kijiweni anafanya kile alichokuwa akikifanya babu yake, na tofauti ni kuwa babu yake hakufukuzwa.

Ninalolihofia zaidi ni jinsi tunavyojenga sasa. Kila nyumba mpya inayosimama pembezoni mwa Dar es Salaam, ya Mombasa au ya Unguja huanza kwa ukuta kabla ya msingi: ukuta wa matofali urefu wa kumzidi mtu, juu yake vipande vya chupa au nyaya za umeme, na geti la chuma lisilo hata na dirisha. Najua sababu yake ni wezi, na mtu halaumiwi kwa kuilinda familia yake. Lakini mtaa wa kuta tupu hauna anayemwona mwizi akipanda, kwa kuwa walinzi wa zamani walikuwa ni wale wazee wa kete na mama wa maandazi. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zimevunjwa kwa mamia zikawa maghorofa ya maduka, na chini yake hapana pa kuketi ila kwa mteja. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000 na Amu ukafuata 2001, na mabaraza ya humo yana sheria ya kuyahifadhi. Ni vema, ila kuhifadhi baraza katika miji miwili huku tukikataza lisizaliwe katika mingine yote ni kulifanya kuwa kitu cha makumbusho. Halmashauri zinazoidhinisha ramani za nyumba hupima umbali wa choo na upana wa njia, na hufanya sawa. Zaweza kadhalika kumruhusu, hata kumhimiza, anayejenga aache dhiraa chache mbele ya ukuta wake, atie kiti na kivuli. Shule, zahanati na stendi za mabasi zijengwe na viti vya kudumu upande wa nje wa uzio, kwa watu wanaosubiri, ambao sasa huchuchumaa juu ya mitaro.

Na liko tendo jingine, rahisi kuliko ujenzi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, mabaraza ya kata ya Tanzania bara hayana tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yao katika mambo hayo ni kuwapatanisha wanaogombana kabla hawajakwenda katika baraza la wilaya. Wengi wameona kuwa mabaraza hayo yamepokonywa nguvu. Mimi naona yamerudishiwa kazi yao ya asili, ile ya wazee waliokwenda kulitazama bomba, maadamu yatakubali kutoka katika chumba cha nyuma cha afisi ya mtendaji, ambamo wadai huitwa mmoja mmoja, na kwenda kuketi penye kiwanja kinachogombaniwa, siku na saa iliyotangazwa msikitini, kanisani na sokoni, wanawake na wanaume wakiwemo kama sheria ya mabaraza hayo inavyotaka, majirani wakisimama kando wakisikia mpaka ulipo na ushahidi wa nani umeupitisha hapo.